Kioo Chenye Upole

Kri, kri, kri. Shaba ikizunguka ndani ya shaba, polepole, na mwishowe ule mlio mfupi, krrk, pale inapofika mwisho na kukaza. Juzi nilikuwa nafunga kichwa cha taa ya petroli baada ya kuongeza mafuta, na kile kichwa kikalia hivyo hivyo mkononi mwangu. Nikasimama. Cherehani imebaki na gauni la mtu katikati ya mshono, harufu ya petroli imejaa meza nzima, na mimi nimeganda kama mtu aliyesikia akiitwa na hajui sauti imetoka wapi.

Wenzangu tuliokua pamoja Bunia, wale wa rika langu, mtasema: taa ya petroli inalia katika kila nyumba, huyu naye anatuambia nini? Subirini kidogo. Mlio wenyewe si wa taa. Ni wa darubini. Ndiyo, nyumbani kwetu kulikuwa na darubini, na baba yangu hakuwa profesa wala padri. Alikuwa fundi wa saa.

Meza yake ilikaa barazani mwa duka moja kwenye barabara kubwa, mahali malori ya Mahagi yanapopita na kutuachia vumbi jekundu kama zawadi. Saa aliyokwisha kuifungua, kama ameitwa kidogo, aliifunika kwa glasi ya kunywea maji, mdomo chini, ili vumbi lisiingie kwenye meno yake. Nguo zake zilinukia esanse aliyosafishia vyuma, na hata leo nikipita karibu na mtu anayejaza pikipiki ninageuka nikidhani Baba amekuja. Kwenye jicho la kuume alibana lupu, kile kikombe cheusi chenye kioo kimoja. Alikuwa nazo tatu: moja kali, moja ya katikati, na moja pana, dhaifu, aliyofungulia kila saa kabla ya kujua ugonjwa wake. Ubavuni zilikuwa na katundu kadogo ka kutolea joto la jicho, la sivyo kioo kinatoka jasho.

Nyumbani tulikuwa na sheria moja kubwa: Baba akiwa na lupu jichoni, humsemeshi. Kwa sababu mtu akijibu, nyusi inapanda. Nyusi ikipanda, lupu inaanguka. Na lupu ikiangukia mashine ya saa ya mtu, ni kilio. Basi tulisimama mbele yake kimya, hata kama chungu kinaungua, tukisubiri aidondoshe mwenyewe kwenye kiganja. Mimi niliamini kwamba mtu mwenye lupu anasali. Nilidhani lile jicho alilofumba amemwachia Mungu, na hili lingine amebaki nalo kazini.

Darubini ililetwa na Mzungu mmoja wa kahawa, kwa kuwa mguu wa darubini ulikuwa umekwama na sehemu ya nyuma haizunguki. Baba alimwambia kwamba kazi ya saa na kazi ya ile si moja. Mzungu akajibu kwamba vis ni vis, skrubu ni skrubu. Kabla Baba hajamaliza, mambo ya nchi yakageuka, mashamba yakapewa watu wengine, na yule Mzungu akaondoka. Alimtuma mpishi wake na neno moja: fundi abaki nayo, iwe malipo ya kazi yake. Hivyo ndivyo ile lineti ndefu, yaani miwani ndefu, kama tulivyoiita, ilivyolala juu ya kabati letu miezi na miezi, imefunikwa pagne ya Mama, kitenge kilichochakaa, na sisi tukaizoea kama mgeni asiyesema.

Kisha Koko akaja.

Koko, mama mzazi wa Baba, alishuka kutoka Bule ndani ya lori la maharagwe, amekaa mbele karibu na shofeli kwa heshima ya uzee, bakora katikati ya magoti na kuku chini ya mkono. Mimi nilibeba jina lake, na kwetu mkishirikiana jina mnaitana majina. Koko hakujua kuniita kwa njia nyingine. "Majina, leta maji." "Majina, nikune mugongo, hapana pale, pale chini." Na Baba, kwa kuwa nina jina la mama yake, aliniita Mama, na mara nyingine alinipisha mlangoni kama mtu mkubwa. Mimi niliona jina moja ni mwili mmoja. Koko akinywa chai ya moto, nilisikia koo langu likiungua. Kwa hiyo niliposikia kwamba ameletwa kwa sababu ya macho, nilikaa kitandani nikifumba na kufumbua yangu, moja moja, kuhakikisha.

Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe tangu zamani, kama yai lililochemshwa. La kuume ndilo lilianza kupata ukungu. Na lazima mjue Koko alikuwa nani kule Bule. Alikuwa mwanamke wa Kilimia. Mnaijua Kilimia, zile nyota ndogo zilizokaa pamoja kama punje zilizomwagika kwenye mkeka mweusi. Majira ya kupanda yakikaribia, jua likishazama, Koko alitoka nyuma ya nyumba, akatazama zimeteremka kiasi gani upande wa magharibi, akasema "bado." Kesho yake "bado." Mpaka jioni aliposema "sasa," na asubuhi kilima kizima wanawake wameinama na jembe. Hakuna aliyempa kazi ile. Mama yake alikuwa nayo, ikamfikia.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango wa jiko, nakula ukoko wa bukari, ugali wetu, wakati Koko alipomwambia Mama jambo ambalo halikuwa la masikio yangu.

"Mukamwana, mwaka huu niliwaambia bapande. Wakapanda. Mvua ikakataa kuja, mbegu ikakauka mu udongo. Wote."

"Mvua ni ya Mungu, Mama."

"Hapana. Mvua haikuchelewa. Mimi njo niliharakisha. Sikuiona Kilimia. Niliangalia fasi, pahali najua inakaaka, nikasema sasa."

Niliona kisu cha Mama kimesimama juu ya ndizi.

"Na juu ya nini haukusema hauoni?"

"Ningesema namna gani? Mwenye kuangalia njo mimi."

Jirani yetu Tonton Bura, mjomba kwa heshima tu, alikuwa muuguzi hospitalini, mtu mrefu mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio hata siku ya Jumapili. Yeye ndiye aliyeleta habari: daktari wa macho anakuja Bunia, atakaa siku chache tu, kisha ataenda zake. Wenye kukatwa, yaani kupasuliwa jicho, wanaandikwa kwenye liste, ile orodha yao.

"Jicho nyeupe ile imeenda, tusidanganyane," alisema, amekaa kwenye kiti chetu kizuri. "Lakini hii ingine, kama ingali inajua mwanga, daktari atatoa ukungu, atamupa lineti nene, ataona. Kama imekufa, kumukata ni kumutesa bure."

"Imekufa," Koko akadakia haraka. "Hii na ile ni mapacha. Mufu hakatwi tena."

"Mama," Baba akasema, "jana uliona kuku akiingia mu nyumba."

"Nilimusikia."

"Haukumusikia! Ulimurushia kijiko, ukamupata!"

"Nilifuata harufu."

Tulicheka wote, hata Koko mwenyewe, bega lake likitikisika. Lakini kicheko kilipoisha niliona amekamata bakora kwa mikono miwili. Aliogopa. Sasa naelewa kwamba aliogopa kisu, na aliogopa zaidi kutazamiwa jicho na daktari na kuambiwa ni kweli limekufa. Kama yeye mwenyewe angelisema kwanza, hakuna ambaye angemshtua.

Baba alifikiri. Kisha akatazama juu ya kabati.

"Mama, kama nakuonyesha Kilimia na ile jicho ya kuume, utakubali Bura aandike jina?"

Koko alicheka kwa pua. "Ukinionyesha Kilimia, mutoto wangu, mimi mwenyewe nitabeba mukeka wangu mupaka hospitali."

"Mumesikia wote," Baba akasema. "Bura, ngoja. Usifunge liste yako."

Sasa mnisikilize juu ya kioo cha jicho, maana hadithi yote iko pale. Darubini ina kioo kikubwa mbele, kinachokusanya mwanga, na kioo kidogo nyuma, pale unapoweka jicho. Kile kidogo kinatoka, unaweza kukibadilisha. Kisanduku chetu kilikuwa na kitambaa cha kijani chenye vitundu vitatu vya duara, vitanda vya vioo vitatu, lakini viwili vilikuwa vitupu. Kilichobaki kilikuwa kidogo kama subana ya kushonea, ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na ndani yake unyevu ulikuwa umeotesha mizizi myembamba ya kuvu, mizuri kabisa, kama ya mchicha. Baba alikifungua, akakisafisha kwa ngozi ya mbuzi, akakirudisha. Kri, kri, kri, krrk. Nilikuwa nimesimama karibu na kiwiko chake. Sikuwahi kusikia chuma kikikaa mahali pake vizuri vile.

Jioni ya kwanza, jua limetoka kuzama, baridi ya Bunia inapanda na moshi wa makaa umelala juu ya mapaa. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na kwa mara ya kwanza tulifurahi. Baba alihangaika na bomba mpaka shingo ikamuuma, ndipo akapata nyota moja ya Kilimia. Akanipa nijaribu.

Niliona kitone kimoja cheupe, kikitetemeka. Peke yake. Nikakitazama kwa nguvu zote, na kikaanza kutembea. Kilienda polepole, bila kelele, mpaka ukingoni, kikatoka.

"Baba, imekimbia!"

Baba akairudisha. Ikakimbia tena. Alipomkalisha Koko kwenye kigoda na kumwelekeza jicho, Koko alikaa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kisha akajitoa.

"Usiku," alisema. "Naona usiku tu. Si niliwaambia?"

Nililala na jambo lile. Nilijua kwa nini nyota imekimbia: imeogopa. Kile kioo kilikuwa kikali mno. Ukimtolea macho mtoto wa watu vile, hata yeye atajificha nyuma ya mama yake. Nilimhurumia sana yule wa Kilimia aliyechaguliwa peke yake katikati ya ndugu zake ili achunguzwe na familia nzima. Miaka baadaye, darasa la sita, mwalimu alitufundisha kwamba nyota imekaa palepale na ardhi ndiyo inazunguka, na kioo kikali kinaonyesha mzunguko huo upesi. Nilinyosha kidole nikauliza: "Kwa hiyo, mwalimu, ni siye tunaondoka?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikikumbuka jibu lake, "Njo vile," yaani ndivyo hivyo, kitu kinanigusa hapa.

Jioni ya pili Tonton Bura alikuja na kioo cha jicho cha mikroskopi iliyokufa huko hospitalini. Kilikuwa chembamba kuliko bomba letu, kikazungushiwa karatasi ya pakiti ya sigara na kipande cha mpira wa baiskeli. Baba akatafuta, akapata Kilimia, akafunika kioo kikubwa cha mbele kwa kifuniko cha kopo la maziwa ili umande usikishike wakati tunamleta Koko. Mimi nilikuwa nimekwisha kulia. Nililia kwa sababu Koko, akitoka mlangoni, alikanyaga sahani ya kuku na kuanguka goti moja, na akainuka akitabasamu upande ambao hatukuwapo.

Akakaa. Akaweka jicho. Mara:

"Ah! Naona! Eh, majina, usilie, naona! Nyota mingi, yote iko hapa!"

Mama akapiga vigelegele. Tonton Bura akatoa kalamu nyuma ya sikio. Nami nikaruka, nikakumbatia bomba kwa furaha, na mkono wangu ukagusa bati. Kifuniko cha maziwa kilikuwa bado kimekaa mbele.

Nilikitoa, nikakishika juu ili wote waone. Kisha Mama akaanza kucheka, akajifunika kwa kanga, Tonton Bura akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama yangu," Baba akasema, "uliona nini? Uliona maziwa?"

"Mutoto alikuwa analia," Koko akajibu, hana haya hata kidogo. "Ningefanya nini?"

"Na kesho ukisema unaona, nitajua namna gani kama ni kweli?"

"Hautajua," alisema Koko.

Tonton Bura akarudisha kalamu. Mlangoni alimwambia Baba kwa sauti ya chini, lakini mimi masikio yangu yalikuwa mazuri: "Fundi, sikia. Batu ni wengi ku liste. Sitaki kuandika mumama wa watu juu ya huruma, wamukate, isaidie bure. Kesho kutwa asubuhi nafunga."

Asubuhi yake sikucheza. Nilifuata njia mpaka barabara kubwa, nikamkuta Baba ameinamia saa ya mkono ya mwalimu fulani, lupu jichoni. Nikasimama kama inavyopasa. Nikasubiri. Nikasubiri sana. Kisha nikavunja sheria.

"Baba, ile kioo inaogopesha nyota. Tafuta kioo yenye upole."

Nyusi ikapanda. Lupu ikaanguka, ikagonga meza, ikabingirika hadi ukingoni, naye akaidaka hewani kama mtu anayedaka panzi. Nilijua napigwa.

"Kioo yenye nini?"

"Upole. Isiyoangalia sana."

Akacheka. Halafu kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo, akatazama kile alichoshika. Ilikuwa lupu pana.

"Kuja hapa, Mama," akasema. Akanipakata, jambo ambalo hakulifanya mbele ya watu. Akaniwekea lupu kali jichoni, akanishikia kichwa juu ya saa ya mwalimu. "Unaona nini?"

"Jino moja. Ya dhahabu."

"Saa ni ya namna gani?"

"Sijui. Naona jino tu."

Akanibadilishia, akaniwekea ile pana. Na saa yote ikafunguka mbele yangu: magurudumu, mawe mekundu madogo, ule waya mwembamba unaopumua.

"Ikikuza sana, unapata jino, unapoteza saa," alisema, lakini hakuwa anasema na mimi. "Miaka yote hii. Na Kilimia ni kitu pana."

Alifunga meza kabla ya saa sita, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akaenda nyumbani, akarudi na darubini chini ya mkono, akaisimamisha barazani, akaielekeza kwenye ubao wa duka la mbali, ng'ambo ya barabara. Sasa akawa anashika lupu mojamoja nyuma ya bomba kwa mkono. Lupu kali: herufi moja, kichwa chini, gizagiza. Ya katikati: herufi tatu. Ile pana: ubao mzima, na mwanamke amekaa chini yake anauza mboga ya lenga-lenga, naye kichwa chini, anacheka na mtu, mwangaza umejaa mpaka ukingoni. Watu walianza kukusanyika.

"Fundi, unatafuta saa iliyopotea kule mbali Mambasa?"

"Anaangalia mukewe kama anakuja!"

"Mutaona," Baba alisema, jasho likimtoka. "Mutaona ninyi."

Lakini lupu pana ilikuwa nene. Kikombe chake cheusi cha pembe hakikuingia kwenye bomba. Ilibidi ikatwe, na lupu ikishakatwa haishikwi tena na jicho. Mama alipoona msumeno mdogo wa vyuma juu ya meza ya chakula, alielewa upesi.

"Na kesho utafungua saa na nini? Na meno?"

"Na ile ya katikati."

"Ya katikati inakuumisha kichwa. Wewe mwenyewe unalalamikaka."

"Kichwa ni yangu," Baba akajibu. Akakata. Unga mweusi ukadondoka kwenye kitambaa, ukanukia pembe ya mbuzi iliyoungua. Mama alisimama mlangoni mpaka mwisho, halafu akaleta chai bila kuulizwa, akaiweka karibu na mkono wake. Kioo kilipokuwa tayari, Baba akakikaza ndani ya pete ya shaba ya yule Mzungu. Kri, kri, kri.

Jioni ya tatu ndiyo ile. Nitawaambia mwisho wa Koko sasa hivi, ili msisome mkiwa na wasiwasi kama mimi nilivyokuwa. Koko alikatwa jicho. Alilala hospitalini amefungwa kitambaa, akimtukana kila muuguzi kwa jina la mnyama, wakampenda. Akapewa lineti nene kama kitako cha chupa, jicho lake likawa kubwa ndani yake, jicho la ng'ombe mwema. Akarudi Bule kwa lori lile lile. Majira yaliyofuata alitoka nyuma ya nyumba na kuwaambia wanawake kwanza kwamba mara ile aliwadanganya, na kwamba hakuwa ameona, kisha akasema "bado." Baba anaendelea na saa zake mpaka sasa, na ndiyo, kichwa kinamuuma. Sijui kama ningekuwa na ujasiri wa kukata kitu kinachonilisha. Ninapojaribu kufikiria, naona msumeno juu ya cherehani yangu, nafumba macho.

Lakini jioni ile hatukujua lolote. Mbingu ilikuwa safi, rangi ya chungwa bado kidogo kule chini upande wa magharibi. Baba akatafuta. Safari hii hakuhangaika: aliipata upesi, maana kioo kipana kinasamehe. Akaniita niangalie.

Kilimia yote ilikuwemo. Yote, na wengine wadogo nyuma yao ambao sikujua kwamba wapo, buluu kidogo, wamekaa. Niliwatazama mpaka jicho likatoka machozi, na hawakukimbia. Walikuwa wamekaa tu, kama watu nyumbani kwao ambao hawajasumbuliwa.

Tukamkalisha Koko. Mama aliushika mkono wangu akaufungua: kifuniko cha maziwa kilikuwa ndani yake. Sawa. Koko akaweka jicho. Mbwa wa jirani alibweka, akaacha.

"Naona," alisema Koko, taratibu.

Hakuna aliyepiga vigelegele.

"Ngapi?" Baba akauliza.

"Kilimia ni sita. Mwenye macho makali, saba. Hiyo hata mutoto anajua."

"Mama, unaona kweli, ao unatuonea huruma?"

"Nimesema naona."

Baba akamtazama Mama. Mama akainua mabega. Tonton Bura alikuwa amefika langoni na taa yake, karatasi ya liste chini ya kwapa. "Fundi," aliita, "naandika, ao naacha?" Baba akaenda pale, nikawasikia wananong'ona: Baba anasema labda, Tonton Bura anasema labda haiandikwi. Jikoni mboga ya sombe ikaanza kunukia kuungua, Mama akakimbia. Tukabaki Koko na mimi, na lile bomba refu katikati yetu.

Nilimtazama usoni. Kope zilikuwa hazipepesi. Uso wake ulikuwa na utulivu ambao ningeweza kuuamini, lakini jana yake pia niliuamini, na mbele kulikuwa na bati. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana nilijua angeweza kunidanganya tena, kwa mapenzi yale yale. Na kama anadanganya, kesho kutwa wangemkata bure, na kosa lingekuwa langu, mimi niliyelia.

Sikufikiri zaidi ya hapo. Niliweka kidole kwenye bomba, mbele, karibu na kioo kikubwa, na nikalisukuma. Upana wa vidole vitatu. Halikutoa sauti.

"Eh!" Koko alishtuka mwili mzima, mkono ukaruka hewani. "Zimeenda! Mutoto wangu, kuja! Kilimia imeondoka mu jicho yangu, nani ameiondoa?"

Langoni sauti zikakatika. Nikaona taa ya Tonton Bura ikiinuliwa, na karatasi ikilazwa juu ya mgongo wa Baba, aliyeinama ili jina la Koko liandikwe vizuri. Hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Koko hakutoa jicho. Alikuwa amelikazia kioo kama mtoto anayenyonya, akitafuta, akihema. Nikashika bomba tena, na kidole kile kile, nikaanza kulirudisha: kidole kimoja, viwili, polepole sana, nikisikiliza pumzi yake.

"Hapo," alisema. "Acha hapo."

Nikaondoa mkono.